Kombe la Nchi Imara

Nchi yetu haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri, lakini lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho madogo, na kamati haijarudi kutoka semina. Kwa hiyo sisi tunasema "nchi" tu na tunaelewana. Neno hilo kwetu lina kazi mbili: ni dola, yenye wimbo na bendera, na ni huu udongo tunaoukanyaga. Yote nitakayoyasimulia yametokana na kuchanganya hizo mbili. Kama wewe msomaji unaishi mahali wasipochanganya, mshukuru Mungu na usitucheke.

Mimi ni mtangazaji wa Wilaya ya Miteremko. Nina gari lenye vipaza sauti viwili juu, kimoja kizima, na kazi yangu ni kupita vijijini kutangaza furaha za Serikali. Watu wananiita Spika. Mimi natangaza, situngi. Naomba hilo likumbukwe mapema, maana kuna mama mmoja hapa wilayani ambaye mpaka leo amekataa kulikumbuka.

*

Chanzo cha mambo yote haya ni adabu.

Zamani miti ya Miteremko iliangushwa mmoja mmoja. Unachaguliwa mkubwa, wadogo wanaachwa wakue, matawi yanabaki palepale yaoze, na gogo linavutwa na ng'ombe hadi barabarani. Ilikuwa kazi ya polepole, isiyopendeza hata kwenye picha. Kisha kijana wa hapahapa kwetu, Mheshimiwa Ngelela Mfyeko, akateuliwa kuwa Waziri wa Misitu na Uvunaji Wake, akatuletea makatapila. Mlima mzima ukafyekwa kwa mkupuo mmoja. Magogo yakaburutwa kushuka moja kwa moja, na makatapila yakawa yanapanda na kuteremka juu ya njia zao wenyewe mpaka mlima ukabaki uchi.

Ndipo akatumwa Dakta Lwidiko, mtaalamu wa udongo, aje aangalie hali ya msitu baada ya mavuno. Alikuja na fimbo ya chuma yenye saa juu yake. Ukiichomeka ardhini, mshale wa ile saa unasogea kadiri udongo unavyoikatalia fimbo. Aliichomeka kwenye njia ya katapila. Mshale ukakimbia hadi mwisho kwenye rangi nyekundu, fimbo ikapinda, na Dakta akabaki ananing'inia juu yake. Bahati mbaya Waziri naye alikuwa hapo, na waandishi wa habari.

"Hicho kinaonyesha nini, Daktari?" akauliza Waziri.

Alichotaka kusema Dakta Lwidiko kinajulikana, maana baadaye alikisema. Alitaka kusema kwamba udongo umekufa. Umeshindiliwa, hewa imetoka, maji hayaingii, na mzizi hauna pa kupita. Lakini Dakta alilelewa vizuri na mama yake. Kwetu mtu hamwambii Waziri, mbele za watu, kwamba kitu kimemfia mkononi. Akatafuta neno la heshima. Akalizungusha mdomoni, akalilainisha, akalitoa.

"Mheshimiwa," akasema, "nchi... imeimarika."

"Hebu rudia."

"Imeimarika, Mheshimiwa. Imeimarika mno."

"Na kule ambako katapila halijafika?"

Jasho lilikuwa linamtoka Dakta wa watu. "Kule bado ni laini, Mheshimiwa."

Waziri akawageukia waandishi. "Mmesikia wenyewe. Kuna watu walikuwa wanadai eti uimara wa nchi yetu hauwezi kupimwa!"

Kabla wiki haijaisha Dakta Lwidiko alikuwa Mkurugenzi wa Uimara wa Taifa, na amepewa ofisi yenye kiti kinachozunguka. Mimi simlaumu. Mtu atasahihishaje neno akiwa amekalia kiti alicholetewa na neno hilohilo?

*

Likaanzishwa Kombe la Nchi Imara. Kila wilaya ilipimwa kwa fimbo, na wilaya zikashindana kuwa ngumu. Makatapila yaliyomaliza misitu yaliazimwa kushindilia mashamba ya shule, viwanja vya mpira na bustani za makanisa. Wilaya moja ya jirani ilikamatwa imemwaga saruji chini kisha ikafunika kwa vumbi. Ikafungiwa kushiriki, na mkuu wake akahamishiwa ziwani, ambako hakuna cha kupima.

Sisi wa Miteremko hatukuhitaji udanganyifu. Mlima wetu ulikuwa umevunwa vizuri mno. Mvua ya kwanza iliponyesha, haikuingia ardhini hata tone. Iliteremka yote kwa pamoja, ikachimba makorongo ya kumeza ng'ombe, ikabeba mabanda ya kuku na jiko la mama ntilie mmoja likiwa bado na ugali. Watu wakaanza kunung'unika. Waziri akaja kuwaelimisha, nami ndiye niliyemshikia kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "mvua ya zamani ilikuwa inanyesha na kupenya ardhini kiholela, bila kibali, na hakuna aliyejua inakwenda kufanya nini huko chini. Leo mvua yetu tunaiona! Inapita juu, hadharani, kwa uwazi na uwajibikaji!"

Tulipiga makofi, tukiwa tumesimama ndani ya maji.

Mto nao ukawa mwekundu, mzito, hauoshi nguo wala haupikii maharage. Nilitumwa kutangaza kwamba huo ni udongo wa juu umeamua kwenda mjini kutafuta maisha kama vijana wengine. Tulipanda miche mlimani kwa sherehe, badala ya miti iliyovunwa. Miche ilifika urefu wa kidole, ikasimama. Masika yakapita, yakaja mengine, nayo iko vilevile, majani yamegeuka manjano. Bwana Misitu wa wilaya aliisifu kuwa ni miche yenye nidhamu, isiyotaka kuwazidi wakubwa kimo.

*

Palibaki doa moja tu katika wilaya yetu, na jina lake ni Mama Sekela.

Mama Sekela alikuwa na kipande cha msitu alichoachiwa na wazazi wake, nyuma ya kilima. Alikuwa anavuna kama zamani, mti mmoja hapa, mwingine kule, na magogo yake yalivutwa na ng'ombe wawili. Ng'ombe hao aliwaita Naibu na Kaimu, kwa sababu, kama alivyoeleza polisi walipomhoji, ndio wanaofanya kazi zote. Chini ya msitu huo kulikuwa na chemchemi, na tangu mto uharibike, kijiji kizima kilichota hapo.

Msidhani alikuwa malaika. Mama Sekela alikuwa mgomvi, tena wa kusikika hadi kijiji cha pili. Siku tulipokwenda kumpima, Dakta Lwidiko alimuuliza kwa upole, "Mama, kwa nini unang'ang'ania ng'ombe wakati katapila lipo?"

"Katapila lilinikanyagia maboga."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Yalikuwa maboga mazuri."

"Na kwa nini usiangushe miti yote kwa pamoja ukamaliza?"

"Kwani wewe ukiwa na njaa unapika ghala zima?"

Dakta akaacha maswali, akashika fimbo. Kwa kuwa alishazoea nchi imara, aliilalia kwa uzito wake wote. Fimbo ikazama hadi kwenye mpini, na Dakta akaifuata, akaanguka kifudifudi kwenye majani yaliyooza. Alikaa pale chini kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ameumia, kumbe alikuwa ananusa. Aliponyanyuka, nyungunyungu alikuwa ananing'inia kwenye tai yake, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Laini," akasema, huku akijipangusa. "Laini kwa kiwango cha... kusikitisha."

Amri ikatoka: kabla ya masika kuanza, msitu wa Mama Sekela uvunwe wote na uimarishwe. Nikaenda kuitangaza. Alinisikiliza hadi mwisho, ameegemea pembe ya Naibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupaza sauti.

"Spika," alisema, "wakipitisha lile dude hapa, chemchemi inakufa. Mimi nimeoshwa kwa maji haya siku niliyozaliwa. Nitakwenda wapi? Watu hawa watakunywa nini?"

Niliona huruma, sitaki kusema uongo. Lakini tangazo lilikuwa linatakiwa kusomwa mara mbili, nami nikalisoma mara ya pili. Ndipo aliponirushia boga. Ndiyo maana nilisema kipaza sauti kimoja ni kizima.

*

Wilaya yetu ilitwaa Kombe. Na sehemu iliyoongoza kwa ugumu katika nchi nzima ilikuwa uwanja wa nyumbani kwa Waziri mwenyewe, kwa baba yake, Mzee Mfyeko. Watu waliotaka vyeo walikuwa wameushindilia kwa zamu, wakisema wanakuja kumjulia hali mzee.

Sherehe ilifanyika hapohapo uwanjani. Mlingoti wa bendera ulikataa kuingia ardhini, kwa hiyo askari mmoja akapewa bendera aishike juu tangu asubuhi. Waziri alipewa jembe apande mti wa kumbukumbu. Alipiga jembe, jembe likaruka na kumkosa Mkuu wa Wilaya sikioni. Mche ukawekwa juu ya nchi, ukaegemezwa jiwe, tukashangilia.

Mzee Mfyeko alikuwa ameketi mbele, amefunikwa blanketi. Alikuwa haoni vizuri na masikio yalishakwisha, na kama walivyo watu wasiosikia, akidhani ananong'ona anapiga kelele.

"Ngelela, mwanangu," akasema. "Sasa mimi mtanizika wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikafungulia muziki haraka.

*

Mzee Mfyeko alifariki wiki ileile makatapila yalipokuwa yameegeshwa ukingoni mwa msitu wa Mama Sekela, yakisubiri dereva amalize chai.

Kwetu mtu anazikwa kijijini kwao, na jeneza likishatoka ndani ya nyumba halirudi. Hayo hata Waziri hawezi kuyabadilisha kwa tangazo. Asubuhi jeneza likatolewa uwanjani, likawekwa juu ya viti, na vijana wakaanza kuchimba. Majembe yakapinda. Zikaletwa sururu, zikatoa cheche. Ukaletwa mtaimbo, ukarudi na kumvunja kijana mmoja kidole. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na viongozi wote wa nchi walikuwa wameketi chini ya turubai wakiangalia saa zao.

"Leteni katapila," akasema Waziri.

Likaitwa kutoka kwa Mama Sekela. Lilikuja linanguruma, akina mama wakakatiza wimbo wa maombolezo. Likashusha bapa lake la chuma la mbele na kukwangua, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Lilipoondoka lilikuwa limeacha mkwaruzo ambao hata panya usingemtosha.

Waziri alisimama kando ya ule mkwaruzo. Macho yalikuwa mekundu, tai imelegea, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtoto wa mtu.

"Mkurugenzi," akamwita Dakta Lwidiko. "Kwa nini nchi haichimbiki?"

"Mheshimiwa... imeimarika."

"Nakuuliza mimi! Baba yangu yuko nje! Sema Kiswahili!"

Dakta alivua miwani. Nadhani alikitazama kile kiti kinachozunguka kwa mara ya mwisho, huko moyoni. Halafu akakiacha.

"Imekufa, Mheshimiwa. Ilikuwa imekufa siku ile uliponiuliza. Tuliikanyaga mpaka ikafa. Ndiyo maana maji hayaingii, ndiyo maana miche haikui, na ndiyo maana mzee hapati pa kulala. Niliogopa kukwambia. Nilisema imeimarika kwa adabu tu."

Hapo mmoja wa akina mama waliokuwa wanaomboleza, ambaye alikuwa amelia tangu alfajiri na akili imemchoka, akasikia tu kwamba kuna mwingine amekufa. Akashika kichwa.

"Jamani! Na hiyo nayo tutaizika wapi?"

Hakuna aliyecheka. Na mvua ikaanza. Haikuingia popote. Ilijaa uwanjani, ikapanda kwenye viatu vya mawaziri, ikapanda kwenye soksi, na viti vilivyobeba jeneza vikaanza kutikisika. Watu sita wakaruka kulishika lisielee.

*

Mama Sekela alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, anasonga ugali wa msiba na wenzake. Waziri alimfuata hukohuko, suruali imelowa hadi magotini. Mimi nilikuwa nyuma yake na mwavuli, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Mama Sekela," akasema, "nimekuja kukuomba nchi."

Waziri mzima, anamwomba mama mmoja nchi. Wanawake wakaacha miiko ndani ya sufuria.

"Nchi ipi?" akauliza Mama Sekela. "Ile laini?"

"Hiyohiyo. Kidogo tu. Ya baba."

Nilidhani atamtukana. Alikuwa na haki hiyo, na matusi anayo. Lakini alijifuta mikono kwa kanga, akamtazama, na uso wake ukalegea.

"Pole sana, mwanangu. Mzee ni wetu sote. Kaimu alitoka zizini kwake. Mleteni. Lakini lile dude lenu lisisogee hata ukingoni, unanisikia? Nikisikia mlio wake tu, nawarudishia maiti yenu."

"Halitasogea, mama. Lakini njia ni matope matupu, gari halipandi. Jeneza litafikaje?"

"Naibu na Kaimu wapo."

Naibu Waziri, aliyekuwa amejibanza kwenye upenu, akajitokeza haraka. "Ndiyo, mama, nipo." Na Kaimu Katibu Mkuu akaja nyuma yake, anakunja mikono ya shati.

Mama Sekela akawatazama kutoka juu mpaka chini. "Sikuwaita ninyi. Ng'ombe."

Hata hivyo, wakiwa wameshakunja mikono, hawakuona pa kujificha. Ng'ombe walivuta mbele, wao wakasukuma nyuma, na nitasema kwa haki kwamba wote wanne walifanya kazi vizuri.

Kule msituni mvua ilikuwa ileile, lakini chini hapakuwa na maji yaliyosimama. Yalikuwa yanaingia. Vijana walipiga jembe, jembe likazama, na wote tukashusha pumzi kwa pamoja. Kaburi lilichimbwa upesi hadi mchungaji akashangaa, akaanza kutafuta kurasa. Udongo ulikuwa mweusi, unanukia. Ulipofika wakati wa kutupia, Waziri alichota konzi yake, akaubinya, ukabinyika. Akashindwa kuuachia. Alisimama hivyo, konzi imefumba, akalia kwa sauti kama anavyolia mtu yeyote.

Lakini Waziri ni Waziri. Alipomaliza kulia alikumbuka kwamba amelisimamisha taifa zima kwenye nchi iliyotajwa kuwa laini. Akakohoa, akaomba kipaza sauti.

"Ndugu waombolezaji, wataalamu wetu wamegundua kwamba ulaini ni uimara uliopumzika! Mahali alipolala mzazi wa Waziri hapapiti mashine yoyote. Kuanzia leo msitu huu ni eneo la heshima!"

Nilitangaza hilo vijiji vyote, kwa kipaza sauti changu kimoja, na safari hii nililisoma hata mara ya tatu bila kuagizwa. Chemchemi ipo. Kijiji kinachota.

*

Msije mkadhani kwamba makatapila yalikwenda kuegeshwa. Kombe linaendelea. Sasa yako mlima wa upande wa pili, yanaimarisha. Dakta Lwidiko amerudi kufundisha, na kiti chake amepewa mtu asiyeijua ile fimbo hata inashikwa upande gani, jambo ambalo limerahisisha kazi.

Kilichobadilika ni kingine. Kila kiongozi aliyekuwa pale msibani aliona vizuri jinsi jeneza lilivyotaka kuelea, akarudi nyumbani akaukagua uwanja wake. Tangu hapo wanakuja kwa Mama Sekela mmoja mmoja, wakiwa na miwani ya giza, kuomba nafasi ya kaburi. Walioleta barua za ofisini, barua zao aliziwashia moto wa jikoni. Masharti yake ni haya: anayetaka kulala kwake aje na mche, aupande mwenyewe angali hai, palepale atakapolala, na aje mwenyewe kuupalilia. Mche ukifa, na nafasi imekufa.

Basi asubuhi unamwona mheshimiwa kwenye gazeti, anaagiza msitu fulani ufyekwe wote. Jioni unamkuta huku amepiga magoti kando ya mche wake, anautoa mdudu mmoja mmoja kwa vidole.

Nami nilipeleka wangu. Mama Sekela alinitazama muda mrefu, na nilikuwa tayari kwa boga.

"Wewe panda pale karibu na zizi, Spika," akasema. "Nikuone."

Nimeupanda. Umeshanipita kiunoni na haudaiwi nidhamu na mtu. Mvua ikinyesha nasimama kando yake na kusikia maji yakipenya chini, bila kibali. Ni mti mzuri, kila anayepita anausifia, na kila ukirefuka sijui nifurahi au niogope.